Mteja wangu wa Bukini

Saluni yangu hapa Malindi ni ya akina mama. Kazi ya mbwa naifanya asubuhi, majumbani mwa Waitaliano upande wa Casuarina, na vitana vya mbwa havikanyagi saluni hata siku moja. Wateja wangu wengi ni Waislamu. Sitaki mtu atoke kwangu akiwaza najisi.

Nimpendaye zaidi ni jike mdogo mweupe, mbwa wa mbegu ya Coton de Tuléar. Bibi mmoja alipomwona barabarani aliniuliza, "Mwanangu, huyu mbwa au mwanakondoo?" Wengi hudhani asili yake Ulaya. Kumbe mbegu hii ilikuzwa Bukini, yaani Madagaska, na Tuléar ni jina la Kifaransa la Toliara, bandari ya kusini-magharibi mwa kisiwa. Ni wa ukoo wa Bichon, mbwa wadogo wa manyoya mengi, pamoja na wale wa Malta na Havana. Ile hadithi ya meli kuzama na mbwa kuogelea hadi ufukweni nawaachia wapenda hadithi. FCI, shirikisho la kimataifa la mbwa, lilimtambua 1970. Wamarekani wa American Kennel Club wakangoja hadi 2014. Dume hupata kilo 4 hadi 6, jike pungufu kidogo.

Sasa nywele. Hazipukutiki ovyo, na watu husifu hilo kwa sababu makochi hubaki safi. Msusi haoni sifa hapo: unywele uliokufa usipodondoka hunasa kwa wenzake, ukawa fundo. Tafuta nyuma ya masikio, kwapani, na chini ya ukanda wa shingo. Usichane nywele kavu, zinakatika. Pulizia maji yenye kondishena kidogo, anza nchani, panda polepole kuelekea shinani. Na mafundo yatoke kabla ya kuoga. Yakilowa hukaza, hapo ni mkasi tu. Kipindi kigumu ni anapokaribia mwaka mmoja, nywele za utoto zikipisha za ukubwani. Hapo ni kitana kila siku, hakuna ujanja.

Kaskazi ikichoma, mwenye mbwa huniambia, "Dada, mnyoe kipara apate hewa." Sikubali. Chini ya nywele hizo kuna ngozi ambayo jua letu litaibabua. Nampunguza zibaki kama sentimita tatu, basi, na matembezi yawe alfajiri au baada ya magharibi.

Akitoka baharini asuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi, kisha akaushwe hadi shinani, maana kwa unyevu wa huku ngozi iliyofunikwa mbichi huwasha na kutoa vidonda. Shampuu iwe ya mbwa. Ya kwetu humkausha ngozi. Mvua za masika zikianza, papasa kwa vidole kutafuta kupe, hata katikati ya vidole vya miguu. Macho hayatoshi kwenye manyoya yale, na homa ya kupe ni kesi ya daktari wa mifugo, si yangu.