Sahani Zilizorudi Nyeupe

Mke wangu aliondoka alfajiri ya Jumatatu, akaniachia maagizo yaliyojaza karatasi mbele na nyuma. Mama yake alikuwa amevunjika nyonga, hana wa kumhudumia ila yeye. Wiki tatu, alisema, zikizidi sana nne. Karatasi ile aliibandika kwenye mlango wa friji, na ndani yake kulikuwa na kila kitu: siku za kufua sare, dawa ya kikohozi ilipofichwa, saa ya kulala, na chini kabisa, kwa herufi kubwa, MBWA APEWE CHAKULA CHAKE TU.

Kuhusu mapishi hakuandika neno. Si kwamba alisahau. Alipofika hapo nilimkatiza mwenyewe: "Hapo niachie."

Enzi za ukapera nilijua kupika kitu kimoja, na kitu hicho kilikuwa mchuzi. Unachukua vitunguu vinne vikubwa, vitano kama una haraka ya kusifiwa, unavikata pete nene, unavitia kwenye mafuta na kuvikaanga taratibu mpaka vilegee, viteleze, vianze kuwa vya kahawia. Kisha unatia unachotia. Msingi ni uleule, unabadilisha abiria tu: leo nyama, kesho maharagwe, keshokutwa mayai ya kuchemsha. Marafiki zangu wa wakati huo walikula na kuomba tena. Sasa hivi nakumbuka kwamba wote walikuwa makapera wenye njaa, lakini siku ile sikulikumbuka hilo.

Jioni ya kwanza nikapakua wali, nikaumwagia mchuzi, nikaketi kuwatazama. Binti yangu, wakati huo ana miaka kumi na mmoja, alionja, akaweka kijiko chini, akamtupia jicho mdogo wake wa miaka saba. Kisha akasema, "Mtamu, Baba." Yule mdogo akatikisa kichwa kukubali huku mdomo umejaa. Punde akaomba maji. Nikainuka kwenda jikoni. Niliporudi, dada yake akakumbuka kuwa hakuna chumvi mezani. Nikainuka tena. Nilipokaa mara ya tatu, sahani zao zilikuwa karibu tupu, na dakika chache baadaye zikawa nyeupe kabisa.

Ikawa hivyo kila jioni. Maji, chumvi, kitambaa cha kufutia mikono, "Baba, naona kama mlango wa nyuma uko wazi." Nilipanda na kushuka kwenye kiti kile kama fundi kwenye ngazi, wala sikuona ajabu. Niliona ni raha ya kuwa na watoto wanaokula.

Siku ya nne nilimpigia mama yao, nikajisifu. "Wanalamba sahani."

Akanyamaza kidogo. "Wanao?"

"Wanangu."

"Hawa hawa?"

"Hawa hawa." Nikakata simu nikiwa na uhakika kwamba kile nilichokisikia kwenye sauti yake ni wivu.

Kuna mwanafamilia mwingine sijamtaja. Anaitwa Kijiko, chotara wa kilo 12, sikio moja limesimama na jingine limelala. Jina alijipatia mwenyewe wiki ya kwanza alipoletwa, alipokwapua kijiko cha dawa na kuingia nacho uvunguni mwa kitanda, akakaa nacho huko mpaka usiku. Wakati wa chakula alikuwa na mahali pake: chini ya meza, katikati ya miguu ya mwanangu. Mimi nilidhani ni mapenzi.

Alhamisi ya wiki ya pili nilirudi kazini, Kijiko hakuja mlangoni. Nilimkuta amelala kwenye sakafu ya jikoni, tumbo limebana saruji. Alinitazama, akapiga mkia mara moja, basi. Alikuwa anahema haraka kama aliyetoka mbio, na bakuli lake la chakula halikuguswa. Nikawaambia watoto anamkumbuka mama. Hawakujibu. Ijumaa alishindwa kupanda kidaraja cha mlango wa nyuma, akasimama mbele yake akikiangalia kama ukuta. Asubuhi ya Jumamosi alijikongoja mpaka kwenye nyasi, akakojoa, na mkojo wenyewe ulikuwa na rangi ya kahawa.

Nilimbeba mikononi. Watoto wakafuata bila kuambiwa, wakakaa kiti cha nyuma, kichwa cha Kijiko kwenye mapaja ya huyu, miguu kwenye ya yule.

Daktari wa mifugo alikuwa mama wa makamo, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba. Hakusema mengi mwanzoni. Aliinua mdomo wa juu wa Kijiko kwa kidole gumba, akanionyesha fizi. Fizi za mbwa mzima ni za waridi. Hizi zilikuwa nyeupe kama nta ya mshumaa. Akavuta chini kope la jicho, na weupe wa jicho ulikuwa umeingia umanjano. Akachota damu, akatuacha na Kijiko chumbani.

Aliporudi aliniita kwenye hadubini. Sikuwa nimeangalia kwenye hadubini tangu shule. Niliona viduara vingi, na vingi kati ya hivyo vilikuwa na kinundu kidogo ukingoni, kama chunusi. "Hizo ni chembe nyekundu za damu," alisema. "Zimeharibika. Mwili unaziona mbovu, unazivunja haraka kuliko unavyoweza kutengeneza nyingine. Ndiyo maana mkojo umekuwa vile." Akavua miwani. "Baba, mbwa huyu amekula kitunguu?"

"Hapana," nikasema. "Nyumbani kwetu ni marufuku kumpa makombo. Imeandikwa mpaka kwenye friji."

Nililisema hilo kwa kifua mbele. Halafu nikaona kwamba daktari hanitazami mimi. Alikuwa anawatazama wanangu nyuma yangu. Mdogo alikuwa anasoma viatu vyake. Mkubwa machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

"Baba, usikasirike," alisema.

Ikatoka yote, huku wakipokezana. Mdogo ndiye aliyekuwa fundi: alitenga punje za wali upande mmoja, akachambua pete za vitunguu, akazikusanya kwenye kiganja cha kushoto na kukishusha chini ya meza. Ulimi wa Kijiko ulimaliza kazi kimyakimya. Dada yake aliona kinyaa kushika, kwa hiyo alisubiri niende jikoni, akateremsha sahani nzima sakafuni na kuipandisha imeshalambwa. Zamu za kuomba maji na chumvi zilikuwa na ratiba.

"Kila siku?" daktari aliuliza.

"Kila siku," mdogo akajibu. Kisha, kwa kuwa ni mtoto mkweli akishaanza, "Isipokuwa siku ile Baba alileta mkate."

Daktari aligeuza uso kuelekea dirishani kwa muda, nadhani alikuwa anacheka, na sikumlaumu. Kisha akanipigia hesabu. Kwa mbwa, madhara ya kweli huanza anapokula gramu 15 hadi 30 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa kilo 12 za Kijiko, gramu 180 zinatosha kuanzisha balaa, na hizo ni kama vitunguu viwili vya wastani. Wala si lazima avile kwa mkupuo. Kidogo kidogo kila siku nacho hujumlishwa. Mimi nilikuwa napika vinne, vitano, kila jioni kwa karibu wiki mbili. Nikauliza kama kuvikaanga hakupunguzi makali. Hakupunguzi. Vibichi, vilivyopikwa, vya unga, ni yaleyale, na kitunguu saumu ni kikali zaidi. Paka ndio hawana kinga kabisa. Kwao hata gramu 5 kwa kilo ni nyingi. Dalili hazitokei papo hapo, huchukua siku kadhaa, kwa hiyo mtu hapati hata bahati ya kuunganisha kosa na matokeo.

Usiku ule, usingizi uliponikimbia, nilisoma kwamba vile vinundu huitwa vya Heinz, kwa jina la tabibu Mjerumani Robert Heinz aliyevieleza mwaka 1890. Hahusiani na chupa ya tomato sosi yenye jina hilo hilo. Lakini nilikwenda jikoni kuitazama ile chupa, na katika viungo vyake nikakuta unga wa kitunguu, nikairudisha kabatini nyuma kabisa.

Dawa ya kuiondoa sumu yenyewe hakuna. Kijiko alilazwa siku mbili, akawekewa dripu, akawa anapimwa damu asubuhi na jioni. Mbwa mwenye afya, chembe nyekundu huchukua kati ya asilimia 37 na 55 ya damu yake. Za Kijiko zilikuwa 21. Daktari alituambia zikishuka zaidi itabidi atafutwe mbwa wa kumtolea damu. Kwa bahati zilisimama hapo hapo.

Njiani kurudi, kiti cha nyuma kilikuwa kimya. Nilijitahidi sauti isipande. "Kwa nini hamkuniambia tu kwamba hampendi?"

Binti alichelewa kujibu. "Ulikuwa unafurahi sana tukimaliza."

Hilo nilikuwa nimelitarajia, na liliniuma kiasi. Ni la mdogo wake lililonifanya nisimamishe gari pembeni.

"Na ulikuwa unalia," alisema.

"Nalia lini?"

"Kila siku, jikoni. Ukianza kupika."

Nikageuka kumtazama. Alikuwa na sura ya mtu anayetoa siri ya mwenzake bila kupenda. Kumbe kila jioni aliporudi kucheza alichungulia mlango wa jikoni, akaniona nimeinama kwenye ubao, machozi yananitiririka, nafuta pua kwa mkono wa shati. Mama yake katika karatasi ile ile alikuwa ameandika "msimsumbue Baba." Kwa hesabu zake za miaka saba, Baba alikuwa anamlilia Mama, halafu anafuta machozi, anakuja mezani na kuuliza kama chakula ni kitamu. Angejibu nini? Alikwenda kumweleza dada yake, na dada yake, ambaye anajua vizuri sana kitunguu kinafanya nini macho ya mtu, hakumsahihisha. Nilipomuuliza kwa nini, alisema aliona huenda yote mawili ni kweli.

Tulikaa pale pembeni ya barabara kwa muda.

Kumpigia mama yao ilikuwa shughuli. Nilieleza tangu mwanzo, nikaungama hata lile la ngazi. Nilingoja ghadhabu. Alichouliza kwanza ni hali ya Kijiko. Cha pili akasema, taratibu, "Kwani hujui kwamba mimi huvisaga?"

"Husaga nini?"

"Vitunguu. Naviweka kwenye blenda pamoja na nyanya, ndipo nakaanga. Wanao hawajawahi kuona kitunguu kwenye sahani tangu wazaliwe. Wakikiona hawali."

Miaka kumi na mmoja nilikuwa nakula kwenye meza ile ile. Nilikuwa nasikia blenda ikinguruma kila jioni, wakati mwingine naomba ipunguzwe kelele ili nisikie taarifa ya habari.

Kijiko alirudi nyumbani Jumatatu, ananuka dawa, mguu wa mbele umenyolewa kiraka pale palipoingia sindano. Siku za kwanza alitembea kama mzee anayetafuta miwani. Wiki iliyofuata alianza kubweka, na vipimo vya wiki ya pili vilisoma 35. Daktari akasema sasa mwili wenyewe unamalizia. Wakati wa chakula tulimweka nje ya mlango wa nyuma. Alikaa kwenye kioo akitutazama, pua imechora ukungu, na mwanangu alikula huku amempa mgongo kwa sababu hawezi kuyavumilia yale macho.

Mapishi yangu yalisonga mbele kwa kusuasua. Nilikaanga mayai, nikachemsha viazi, nikachoma kuku upande mmoja. Na hukumu zikaanza kumiminika, maana sasa waliruhusiwa. "Haya yameungua, Baba." "Hiki kina chumvi ya bahari nzima." Mara moja binti alinusa sufuria, akaenda kimya kujipakia mkate siagi. Nilikula peke yangu chakula kile na kumpa haki yake.

Blenda sikuigusa mpaka wiki ya nne. Nilisaga kitunguu kimoja na nyanya tatu, nikafunga mfuniko vibaya, dari ikapata doa ambalo lipo hadi leo.

Mke wangu alirudi jioni. Aliweka begi, akapiga magoti kukagua kiraka cha Kijiko ambacho kilishaanza kuota manyoya, akainuka kwenda kunywa maji. Kwenye friji akasimama. Karatasi yake ilikuwa bado imebandikwa, imepata madoa ya mafuta na alama ya kidole cha nyanya. Akaanza kuisoma kama anayehakiki kazi, akafika chini kabisa, akaita jina langu huku anacheka kiasi cha kushindwa kulimaliza.

Chini ya MBWA APEWE CHAKULA CHAKE TU, mtu alikuwa ameongeza mstari kwa kalamu ya rangi ya zambarau, herufi zinapanda kilima: NA BABA ASIPEWE VITUNGU.