Kinangop ya Julai

Julai Nairobi huwa haina jua. Mawingu yanalala juu ya mji kutwa, watu wanashinda na makoti ofisini, na mwenye uwezo hukata tiketi ya treni akaenda Mombasa kuota joto. Mwaka ule mimi nilielekea kwenye baridi zaidi. Nilikuwa nimechoshwa na watu: wa kazini, wa chama, wa ploti, hata wa kanisani. Nikakunja viti vya nyuma vya Probox yangu, nikatandika godoro la inchi nne, nikatupia mablanketi na meko ndogo, na Jumamosi alfajiri nikashika Waiyaki Way.

Ukungu ulinipokea Kinale. Lori lililokuwa mbele yangu lilibaki taa mbili tu nyekundu. Soko Mjinga akina mama walikuwa wameshapanga karoti na kabeji kando ya barabara, wamejifunga leso juu ya sweta. Pale Flyover nikaiacha barabara ya Nakuru, nikaingia ya Njabini.

Kinangop ni uwanda wa juu, zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Mashariki kuna milima ya Aberdare, magharibi nchi inaporomoka kuelekea Naivasha. Baada ya uhuru, mashamba makubwa ya walowezi yaligawanywa hapa, na leo kila ukitazama ni viazi, kabeji, ng'ombe wa maziwa na nyumba za mabati. Nilipita Sasumua, bwawa lililojengwa miaka ya 1950 kupeleka maji Nairobi. Sijui nimeoga maji yake mara ngapi bila kulifikiria.

Nilitaka kumwona ndege mmoja, Macronyx sharpei, mwenye kifua cha njano, asiyepatikana nchi nyingine yoyote ila Kenya. Anaishi kwenye nyasi za mafungumafungu, na nyasi hizo zinazidi kulimwa. Kijana aliyekuwa akichunga kondoo ndiye aliyenionyesha, lakini kwanza aliniuliza, "Uko na nani?" Mwenye bodaboda alikuwa ameniuliza hivyohivyo. Muuza duka pia, tena akachungulia nyuma ya gari kuhakikisha.

Jioni nikaomba kuegesha gari kwenye boma la bibi mmoja, mbali kidogo na barabara.

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu, shosho."

"Peke yako? Kwani mmekosana na watu wa kwenu?"

Nilimweleza kwamba nimekuja kupumzika tu. Alinitazama kwa huruma, akaniamuru nisogeze gari hadi ubavuni mwa zizi, karibu na mbwa. Pesa alikataa. Alisema kama nataka kulipa, ninunue viazi.

Jikoni kwake, kando ya moto wa kuni na chai ya maziwa matupu, nikajifunza biashara ya viazi zaidi ya nilivyowahi kusoma gazetini. Viazi vyake vilikuwa vya aina ya Shangi. Vinaiva haraka na vinapikika haraka, ndiyo maana wenye chipsi mjini wanavipenda, lakini havina subira: ukishavuna, havikawii kuota. Broka anajua hilo. Anakuja na lori, anajua huwezi kungoja bei ipande, basi anataka gunia la lumbesi, lile linaloshonewa kilemba juu likaongezwa tena. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 50. "Sheria iko Nairobi," shosho alisema, "na lori liko hapa." Nikauliza kuhusu bwawa. "Hayo ni maji yenu. Sisi tunakinga ya mvua."

Wakati wa kulala alinipa jiko la makaa niingie nalo garini. Hapo tulivutana. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, mtu analala na haamki, na kila msimu wa baridi tunasikia habari hizo. Nilikataa, nikaacha kioo wazi upana wa kidole. Yeye akaona nimeamua kufa kwa baridi. Akajaza maji moto kwenye jerikeni ya lita tatu, akaifunga kwa sweta kuukuu, akanipa nikumbatie.

Baridi ilipenya hata hivyo. Vioo vilitoka jasho, maji yakanidondokea usoni. Na kila nilipokaribia kusinzia, mjukuu wake alikuwa akigonga kioo na tochi: "Shosho anauliza kama bado uko." Nikawa najibu niko. Upweke nilioufuata kilomita zote zile haukupata nafasi boma lile, na nikiri nilikasirika kidogo, mpaka uji ulipofika asubuhi.

Jumapili mpango wangu ulikuwa kutembea ukingoni nione Naivasha chini. Badala yake nilipeleka watu kanisani, halafu wengine Flyover: mama na mtoto mgongoni, mzee wa kanisa na jogoo wake. Godoro lilisafiri juu ya keria. Nyuma kulikuwa na viazi ambavyo mtu mmoja hawezi kumaliza.

Siku chache baadaye simu ikalia nikiwa ofisini, katikati ya mkutano. Shosho hakunisalimu hata.

"Umevila, ama unaviangalia tu vikiota?"