Kumtafuta Fisi Maji, Kutoka Likoni Hadi Mto Mkurumudzi

Nilivuka Likoni saa kumi alfajiri, feri ikiwa na magari machache na abiria waliosinzia kwa kuegemea mabegi yao, nami nimebeba darubini, daftari na mahamri manne yaliyofungwa gazetini. Jirani zangu wa Kibokoni, mtaa wa Mombasa, walikuwa wameicheka safari hii. Mmoja wao, mama mwenye umri wa kunizaa, aliniuliza nimekosa nini mjini hata niende kutafuta fisi, na nilipomweleza kwamba fisi maji si fisi bali ni jamaa ya nyegere na kicheche, aliguna tu na kuniombea salama. Jina hilo limemwonea mnyama huyu. Hana mgongo ulioinama wala hali mizoga usiku. Ana manyoya mazito yanayong'aa, masikio madogo, miguu mifupi, na maisha yake yote yako ukingoni mwa maji.

Nilichagua Gazi, kilomita 50 na ushee kusini mwa Mombasa, kwa sababu ya mto wake. Mkurumudzi unateremka kutoka Milima ya Shimba, ukapita mashambani na kuingia ghubani katikati ya mikoko, na mahali kama hapo, ambapo maji matamu yanakutana na chumvi, panamfaa sana. Fisi maji anaweza kuwinda baharini, lakini hana tabaka nene la mafuta chini ya ngozi. Kinachomkinga na baridi ni manyoya yake, na chumvi ikiganda humo kinga hiyo hupungua, kwa hiyo ni lazima awe na maji matamu karibu, ya kunywa na ya kujisuuza. Anayemtafuta pwani na aanze kwa kuuliza kijito kiko wapi.

Gazi nilipokewa na mzee mvuvi ambaye binamu yangu alikuwa amemjulisha habari zangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema hatutaondoka kabla ya saa tatu. Lilikuwa bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida, na katika bamvua pwani yetu maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi. Mimi nilitaka kuwahi alfajiri, maana vitabu husema fisi maji hutembea zaidi wakati huo na magharibi, lakini mzee alikuwa na hoja nzito kuliko vitabu. "Mwanangu, wewe wataka kumwona yeye," alisema. "Mimi nitakuonyesha kwanza alipopita. Tope likiwa wazi husema."

Tulipanda na mto kwa miguu, tukishika mizizi ya mikoko ili tusizame, hadi mahali ambapo mikoko inaanza kuwaachia nafasi matete. Mnyama wa kwanza tuliyemwona majini alinifanya nipige kelele kama mtoto: kichwa kilichoinuka, mwili mrefu nyuma yake, ukikata maji kuelekea ng'ambo. Mzee hakugeuka hata kidogo. "Kenge," alisema. Nilipotazama tena kwa darubini nikaona alivyotambua. Kenge huogelea kwa kupinda kushoto na kulia, mkia ukichora nyoka juu ya maji, ilhali fisi maji, kama pomboo na nyangumi, huupinda mgongo juu na chini, na anapozama mgongo huo hujikunja kama upinde kabla mkia haujafuata. Niliandika jambo hilo kwa herufi kubwa, kwa aibu.

Alama zenyewe tulizikuta kwenye ukingo wa tope laini, chini ya mti uliolala. Nilipiga magoti. Mguu wa mbele ulikuwa umeacha vidole vitano vilivyotanuka, vinene nchani, bila alama ya kucha na bila mstari wa utando kati yake. Ungedhani mtoto wa miaka mitatu ameegemea tope kwa kiganja. Mbwa huacha vidole vinne na kucha, na nguchiro wa maji, ambaye ndiye huwapotosha wengi kwa sababu naye ni mweusi-mweusi na anapenda kaa, huacha kucha ndefu zilizochoma mbele ya kila kidole. Fisi maji huyu asiye na kucha za mbele huwinda kwa kupapasa: huingiza vidole chini ya mawe na ndani ya tope, kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka chini ya kitanda, na akimpata kaa humshika kwa mikono miwili na kumtafuna.

Juu ya gogo lilelile palikuwa na kinyesi, na naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa hapa ndipo penye ushahidi mwingi. Kilikuwa kimejaa vipande vya magamba ya kaa, vyekundu na vyeupe, kikavu juu na chenye shombo chini. Niliweka sarafu ya shilingi kumi kando yake: unene ulikuwa sawasawa na upana wa sarafu. Kinyesi cha nguchiro ni chembamba kuliko hivyo, kama inavyotarajiwa kwa mnyama ambaye kwa kawaida hafiki kilo 5, wakati fisi maji mkubwa anaweza kupita kilo 15. Kilikuwapo cha zamani pia, kilichopauka kwa jua, kwa maana mnyama huyu hurudi mahali palepale. "Hapa ni chooni kwake," mzee alisema, "na mimi huweka dema langu la kunasia samaki mbali na hapa."

Tulirudi magharibi, maji yakiwa yamejaa na kuanza kushuka tena, tukakaa kimya upande ambao upepo haukupeleka harufu yetu. Mbu walitufanyia walivyotaka. Mwanga ulipokuwa unakaribia kwisha, mstari wa mapovu madogo ulitokea juu ya maji kutoka kwenye matete, ukafuatwa na kichwa bapa, kipana, chenye sharubu. Kilisimama. Kilipogeuka kututazama niliona mashavu na koo jeupe mfululizo hadi kifuani, bila mabaka, na hilo lilinitosha kumwondoa yule fisi maji mwingine, mdogo, wa Ziwa Victoria, ambaye koo lake lina madoa na vidole vyake vyote vina kucha na utando. Kisha mgongo ulijikunja, mkia mnene shinani ukafuata, na maji yakafunga.

Katika daftari nilijaza koo, mkia na namna ya kuzama. Miguu ya mbele sikuiona kwa macho, kwa hiyo niliandika "topeni tu".

"Umemwona?" mzee aliuliza tulipokuwa tunaosha miguu.

"Nimemwona koo, babu."

"Basi wewe una bahati. Mimi miaka yote hii huonyeshwa mkia."