Gari la wazi litaloa tu, we hangaika na litakavyokauka

Kila mwaka mawingu ya masika yakianza kujikusanya upande wa Meru naona madereva wenzangu hapa Arusha wanakimbilia kwa mafundi turubai, huyu anataka lake lishonwe upya, yule anataka zipu mpya, mwingine anapiga silikoni kila mahali, na sina neno na hilo, turubai zima ni lazima. Ila mi nimekaa sana na haya magari, Land Cruiser za watalii zenye paa la kunyanyua na zile zisizo na vioo kabisa za kule kambini, na msimamo wangu ni kwamba gari la wazi maji yataingia tu. Utazuia mengi, yote huyawezi. Kwa hiyo kabla hujatoa hela kwa fundi jiulize kwanza, yakishaingia yanatokea wapi?

Tupige hesabu kidogo. Mvua ya milimita 1 ikidondoka kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Sasa chukua paa limenyanyuliwa, uwazi wake una urefu wa mita 2 na nusu na upana wa mita 1 na kidogo, weka mita 3 za mraba kwa jumla, afu ipige mvua ya milimita 20, mvua ya kawaida kabisa huko porini mchana wa masika, hizo ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20 yamemwagwa ndani ya gari lako kama hukuwahi kufunga. Hata ukiwahi, ukapata robo tu ya hiyo, bado una lita 15 zinazunguka sakafuni zinatafuta pa kukaa.

Na usiniambie tusitoke mvua ikitishia. Nyumbu wa Ndutu, kule kusini mwa Serengeti, wanazaa mwezi wa pili kwa sababu mvua ndo imeleta majani mafupi pale, mgeni amevuka bahari kuja kuona ndama anasimama kwa mara ya kwanza, akili yake yote iko kwenye kamera, huwezi kumwambia tubaki kambini kisa kuna wingu. Tunatoka, na tukiloa tunaloa. Upepo wa baridi unaotangulia mvua ukikupiga usoni hapo ndo ufunge, usisubiri tone la kwanza, na anza na turubai la upande upepo unakotoka, maana mvua ya mbugani inakuja kwa ubavu kuliko inavyokuja kwa juu.

Sasa sakafu, hapa nataka tukae kidogo kwa sababu ndipo magari mengi yanapofia. Kapeti ya kiwandani itoe, pamoja na lile felti jeusi la chini linalozuia kelele. Jamani lile felti! Unaweza kukausha kapeti juu likawa kavu kabisa ukiligusa kwa mkono, afu ukilikanyaga kwa kisigino maji yanachuruzika, na chini yake bati linalala kwenye maji wiki nzima. Kutu ya sakafu inaanzia hapo, chini ya kitu kinachoonekana kikavu, na siku unaiona juu ujue bati limeshatoboka. Weka mpira mzito unaotandikwa bila gundi, uwe unaunyanyua kila jioni ya mvua, unafuta, unauachia hewa.

Afu matundu ya kutolea maji. Wamarekani kwenye Jeep Wrangler waliliona hili zamani, sakafu zina matundu yenye vizibo na kapeti inatoka, mwenye gari akilowa anachomoa vizibo maji yanashuka chini, biashara imeisha. Hawakudai kwamba paa la kitambaa halitavuja, walikubali kwamba gari la kufunuliwa lina siku yake ya kunyeshewa wakaliandalia njia. Kwetu huku gari linarefushwa gereji, linaongezewa siti, linakatwa paa, yaani linageuzwa kuwa gari la wazi, ila sakafu inabaki ya gari la kufungwa, maji hayana mlango. Mwambie fundi akutobolee pale sakafu inapozama, na kwanza alale chini ya gari aangalie mabomba ya breki, ya mafuta na nyaya zinapita wapi, asije akapitisha drili kwenye bomba. Asiguse chasi. Tundu likishatobolewa kingo zake zipigwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, ndo kizibo cha mpira kikae.

Siti nazo. Sponji ya kawaida inafyonza maji ikayaficha, na ngozi ya bandia ya juu haisaidii sana maana maji yanapitia kwenye mishono, mgeni akikaa ndo kabisa anayasukuma yaingie. Ukiwa unashona upya omba ile sponji ngumu isiyofyonza, inayotumika kwenye mikeka ya mazoezi, angalau tabaka la juu, na chini ya siti paachwe wazi, fundi asifunge na plastiki akidhani anakufanyia vizuri. Kama siti yako ni ya kuchomoa, ichomoe iegemeze ubavu kivulini. Mi huwa naweka mifuko ya siti ya turubai jepesi tu, ikiloa navua naanika, asubuhi narudisha.

Umeme sitauongelea sana ila kuna jambo moja dogo linaokoa soketi nyingi. Soketi za kuchajia kamera zisitazame juu, zitazame pembeni au chini. Na waya unaoingia kwenye soketi au redio koli usitoke juu moja kwa moja, uushushe kwanza chini ya soketi afu upande kuingia, pale kwenye mkunjo ndo maji yanadondokea badala ya kufuata waya mpaka ndani. Angalia gari lako leo, utakuta nusu ya waya zimeshuka moja kwa moja.

Haya, paa. Paa la kunyanyua likifungwa linategemea raba ya pembeni tu, na raba haizeeki sawasawa, inalala zaidi kwenye kona na karibu na vishikizo. Chukua kipande cha karatasi, kiweke juu ya raba, funga paa, afu kivute. Kikigoma raba inabana. Kikitoka kirahisi hapo panavuja hata kama kwa macho iko nzima. Zunguka paa lote namna hiyo, panapotoka kirahisi weka alama ya chaki, afu tengeneza hapo tu, usibadilishe raba nzima bila sababu. Na usiipake raba grisi ya gari wala mafuta ya kula, nimeona watu wanafanya hivyo ili ing'ae, inavimba afu inalegea. Grisi ya silikoni kidogo inatosha.

Turubai la kitambaa cha pamba na turubai la plastiki ni vitu viwili tofauti, usiyatunze sawa. La pamba likiwa jipya lilowanishe kwa makusudi uliache likauke kabla ya safari, nyuzi zinavimba zinaziba vitundu vya mshono. Usilifue na sabuni ya unga hata siku moja, inaondoa nta inayozuia maji, maji matupu na brashi laini yanatosha. Na waambie wageni kwa upole wasiliguse kwa ndani likiwa limeloa, pale kidole kinapogusa ndipo panapoanza kudondosha. La plastiki halivuji ila halipumui na jua linalikausha, ukilikunja mkunjo ule ule kila siku linapasuka hapo hapo, kwa hiyo lizungushe kama mkeka. Yote mawili yanataka kuvutwa yakaze na yawe na mwinamo. Turubai likilegea maji yanatuama katikati, lita 10 tu ni kilo 10 zinaning'inia kwenye uzi wa fundi, mshono hauchukui muda.

Kitu kingine kinachoniuma ni watu wanaorudi jioni gari limeloa ndani, wanashusha turubai zote, wanafunga zipu mpaka mwisho, wanaenda kulala wakiwa na amani. Umelifungia maji ndani! Asubuhi vioo vina jasho, siti zinanuka uvundo, na ndani ya siku chache madoa meusi ya ukungu yanatokea kwenye mishono. Egesha chini ya banda ukiacha pande mbili wazi hewa ipite. Kama huna banda shusha turubai ila acha nafasi ya kiganja pande mbili zinazotazamana. Na usilifunike gari lenye vumbi kwa turubai la juu juu, upepo ukilitikisa vumbi linakwangua rangi kama msasa.

Ndani ya gari mi sikosi mataulo mawili makavu kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, mashuka ya kimasai kwa wageni kwa sababu mtu aliyeloa juu kule ukingoni Ngorongoro, zaidi ya mita 2,000, anatetemeka kweli kweli, na vizibo vya akiba, maana vinapotea.

Masika ikiisha virudishe vizibo vyote kwenye matundu kabla hujashuka barabara ya Ndutu, vumbi la kule linapanda kupitia matundu hayo hayo yaliyotoa maji.