Kilo kumi kwenye mkono wa pedali

Juzi nilikuwa nabadilisha betri ya kipima nguvu cha baiskeli yangu, ile CR2032 ya duara, binti yangu akinishikia kifuniko kisipotee. Akakitazama kile kijisanduku kwenye mkono wa pedali, akauliza: "Mama, hiki kinajuaje kama umechoka?"

Nikamwambia hakijui. Kinajua nimesukuma kiasi gani, basi. Hakuridhika, na mimi mwenyewe jibu langu halikunitosha, maana swali hilohilo nililiuliza kwa hasira mwaka ule wa nimonia.

Kifaa nilikifunga na Kaka. Mnaomfahamu mnajua hakazi boliti kwa kukisia. Tuliutoa mkono wa kushoto wa zamani, tukafuta grisi nyeusi kwenye meno ya ekseli, tukapaka mpya. Akauingiza mkono mpya, kifuniko cha pembeni akakikaza kwa vidole tu, kisha boliti mbili kwa zamu, hii kidogo, ile kidogo, hadi spana ya kupimia ikalia kwenye nyutoni mita 13. Halafu akazungusha pedali polepole huku ameinamisha kichwa, akitazama upenyo kati ya kijisanduku na fremu. Kwenye baadhi ya baiskeli kinagusa, na kikigusa safari imeishia hapo. Chetu kilipita.

Akaitoa baiskeli nje, akaiacha isimame pale kwa muda kabla ya kuweka sifuri, yaani kukionyesha kifaa namba ya mkono usiokanyagwa. Ndani ya kijisanduku mna vihisi vyembamba mno vilivyobandikwa kwenye aluminiamu. Ukikanyaga, mkono unapinda, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, navyo vinavutika pamoja nao, ukinzani wake wa umeme unabadilika, na badiliko hilo ndilo linalogeuzwa kuwa namba. Joto nalo huivuta aluminiamu. Ukiweka sifuri ndani ya nyumba ukatoka kwenye baridi, unaanza safari na sifuri isiyo sifuri. Tukiwa tunasubiri akanisimulia habari za Ulrich Schoberer, mhandisi wa Ujerumani aliyeanzisha SRM, kampuni ya vipima nguvu vya baiskeli, mwaka 1986, na jinsi Greg LeMond, bingwa wa Tour de France, alivyokuwa miongoni mwa waendeshaji wakubwa wa mwanzo kukiamini chombo cha namna hii. Kaka anapenda kujua kitu kilianzia wapi kabla hajakitumia.

Kisha akaleta sahani ya chuma ya kilo 10. Akafunga breki ya nyuma kwa kamba ili gurudumu lisizunguke, akaulaza mkono wa pedali ukaelekea mbele sawasawa, akaitundika sahani kwenye ekseli ya pedali. "Kilo 10, mara 9.81 ya mvutano wa dunia, mara mita 0.17 ya urefu wa mkono," akasema. Akaniachia nimalizie. Nikapata nyutoni mita 16.7 kasoro kidogo. Programu ya simu ikaonyesha 16.6. Alifurahi kweli. Akaniambia nguvu hiyo ukiizungusha mara 80 kwa dakika inakuwa wati 140 hivi, na kwamba sasa nina mizani, nisimsikilize tena mtu anayenisifia mwendo wakati upepo unanisukuma mgongoni.

Msimu ule niliutumia vizuri. Tulifanya jaribio la dakika 20, nikatoa wastani wa wati 200, tukapunguza asilimia 5 kama ilivyo desturi, ikabaki 190, makadirio ya nguvu ninayoweza kuishika kwa saa nzima hivi. Mazoezi yote yakapangwa kuizunguka namba hiyo. Nilijifunza kupanda mlima bila kujiunguza mwanzoni, nikajifunza kwamba siku ya upepo wa mbele kasi haina maana yoyote, maana kizuizi cha hewa kinapanda haraka kuliko mwendo wenyewe: ukitaka kuizidisha kasi mara mbili kwenye tambarare, nguvu ya kuikata hewa inakuwa mara nane. Mambo hayo nilikuwa nimeyasoma. Kuyaona chini ya mguu wangu ni kitu kingine kabisa.

Halafu nimonia. Ya hospitali sitayaeleza.

Daktari aliporuhusu niendeshe taratibu, Kaka alikuja tutoke wote. Sharti lake lilikuwa moja: nisivuke wati 120, hata kwenye mwinuko, hata nikijisikia vizuri. Barabara ilikuwa tambarare na upepo hakuna. Nikashika 118, nikaitunza hapohapo, mizunguko 80 kwa dakika, kitu ambacho kabla ya kuugua nilikifanya huku napiga soga. Wakati huo wa uzima, mkanda wa kifuani ulikuwa unasoma mapigo 121 kwa dakika kwenye nguvu hiyo. Siku hiyo ulisoma 161. Nikadhani utashuka mwili ukipata joto. Haukushuka. Jasho lilikuwa la baridi, mapaja yalitetemeka kila mguu ulipofika chini, na Kaka pembeni yangu anapumua kwa pua.

Nikasimama. Nikamwambia kifaa kimeharibika.

Na sikuwa nasema tu kwa uchungu. Baiskeli ilikuwa imekaa muda mrefu bila kuguswa. Betri inayokwisha huleta namba za ajabu. Boliti zikilegea, mkono haupindi kama ulivyokuwa ukipinda. Sifuri inaweza kuhama. Sababu zote hizo ni za kweli, na Kaka alizisikiliza moja baada ya nyingine bila kunikatiza. Mwisho akasema, "Sawa, mdogo wangu. Turudi tukipime."

Hapa ndipo kumbukumbu yangu inaposimama. Alibadilisha betri kwanza. Akagusa boliti mbili kwa spana ileile, ikalia papo hapo, hazikuwa zimelegea. Akaweka sifuri. Akafunga breki kwa kamba. Akaulaza mkono, akarudi hatua nyuma kuangalia kama umelala sawa, akausogeza unywele mmoja, akaangalia tena. Mimi nilikuwa nimekaa chini nimeegemea ukuta, simu mkononi, programu ikisoma 0.0. Akaiinua ile sahani ya kilo 10 kwa mikono miwili, akaitundika, akaituliza kwa kiganja isibembee. Namba ikaruka, ikayumba 17, 16.4, 16.8, ikatulia.

16.7.

Nilitaka iwe 12. Nilitaka iwe 20, iwe chochote kile. Kwa muda ambao sahani ilining'inia pale nilikuwa nikiiombea ihame. Kaka hakuniuliza imesoma ngapi, aliiona usoni mwangu. Akaitoa sahani, ikashuka hadi 0.0. Akaitundika mara ya pili bila kuambiwa. 16.7.

"Kinapima mguu wa kushoto tu," nikamwambia. "Kisha kinazidisha mara mbili. Huenda wa kushoto ndio uliodhoofu, wa kulia mzima. Basi natoa zaidi ya 118."

Hilo nalo ni kweli. Kipimo cha mkono mmoja hakina habari na mguu wa pili. Kaka alifikiri kwa muda mrefu, akiwa bado ameishika ile sahani, akasema, "Inawezekana. Hilo kilo 10 haziwezi kutuambia."

Mpaka leo sijui kama aliamini au alinihurumia. Sikuwahi kumuuliza. Najua tu kwamba mtu anayependa kupima kila kitu aliniachia sehemu moja ambayo haikupimika, na usiku ule nililala.

Yaliyofuata yalikwenda kwa utaratibu wa kuchosha. Wati 118 zilezile, barabara ileile, mapigo yakishuka kidogo kidogo: 158, 150, siku moja yakapanda tena nikalia, kisha 140. Tulikuwa tunaangalia mapigo, wati tukaziacha zisimame mahali pamoja. Kipima nguvu kilipata kazi mpya ambayo wakati wa kukifunga sikuifikiria: kuhakikisha kazi ni ileile kila siku, ili kinachobadilika kiwe ni mimi. Bila hicho ningejidanganya, maana siku mbaya ningepunguza mwendo bila kujua na kusema moyo umetulia.

Nimejaribu kumweleza binti yangu hayo, kwa maneno ya umri wake. Kwamba wati 118 ni wati 118, uwe mzima au mgonjwa, na chombo hakitozi zaidi wala hakipunguzi. Kwamba gharama yake mwilini inasomwa mahali pengine, kwenye kifua, kwenye mapaja, kwenye uso wa mtu anayekuangalia. Akauliza kama kuna kifaa cha kupima hiyo gharama. Nikasema vipo vinavyojaribu. Akauliza, "Mjomba naye anacho?" Nikashindwa kumjibu.

Kaka anasema wakati umefika wa kurudia jaribio la dakika 20. Amekwishaipeleka spana ya kupimia ikakaguliwe, na anauliza kila wiki. Mapigo yangu kwenye 118 yako karibu kabisa na ya zamani, kwa hiyo hoja anayo. Mimi bado sijampa siku.