Trei ya figili mvua za Novemba

Mvua imeishika Kampala, na msimu kama huu ndio unaomfichua mwenye mkono mzito wa maji. Wanaoanza maikrogrini, yaani miche michanga ya mboga inayokatwa na kuliwa mbichi, huhangaikia mwanga, wakati tuko karibu kabisa na ikweta: mchana una urefu wa kama saa 12 mwaka mzima. Dirisha la mashariki linatosha. Taa ni kumaliza Yaka, umeme wa kulipia kabla, bure.

Ningemwambia yeyote aanze na figili. Hailowekwi, na huchipua ndani ya siku 2. Trei ya sentimita 25 kwa 50 inataka mbegu gramu 30 hivi. Jerikeni lililokatwa ubavuni na kutobolewa chini linafaa pia, mradi halijawahi kubeba dawa. Tandaza mboji iliyoiva na kuchekechwa, kina cha sentimita 3. Samadi mbichi hapana, mboga hii huliwa bila kupikwa. Mwaga mbegu juu, usizifukie. Zifunike kwa trei nyingine yenye uzito wa kilo 1 kwa siku 2 au 3, mizizi ipate kushika.

Ukishafunua, mwagilia kwa chini: trei ikae kwenye beseni la maji dakika 10, kisha ichuruzike. Maji ya juu hulaza miche na kubaki katikati ya mashina, na ukiwa umebananisha mbegu, hewa haipiti. Hapo fangasi huozesha shina pale linapotoka udongoni. Asubuhi unakuta kona nzima imelala. Usiokoe kona hiyo, tupa. Lakini weupe unaozunguka mizizi usikutishe haraka: unyunyizie maji. Ukitoweka, ni vinyweleo vya mizizi. Ukibaki kama utando wa buibui, ni ukungu.

Mbegu zenye rangi nyekundu au kijani kibichi cha kung'aa zimepakwa dawa ya kupandia, haziliwi hata zikiota vizuri namna gani. Uliza kabla ya kulipa. Mtama usiujaribu, mche wake mchanga una sumu ya sianidi. Maharage nayo yana lektini, sumu ya maharage mabichi. Alizeti ni tamu, ila iloweke kwa muda wa saa 8 hadi 12. Dodo (mchicha) nyekundu inapendeza kwa rangi yake, lakini huenda polepole.

Figili hukatwa siku ya 7 hadi 10, kwa mkasi safi, sentimita 1 juu ya udongo. Haichipui tena. Usiioshe mpaka unapokula. Ikiingia friji na maji hunyauka na kuteleza upesi.