Ndoo tatu jikoni: nilivyopunguza taka kwenye nyumba yangu ya wageni

Nina nyumba ndogo ya wageni Jambiani, upande wa mashariki wa Unguja. Vyumba sita, jiko moja, na shangazi yangu ndiye mkuu wa mapishi. Miaka mitatu ya mwanzo nilijua bei ya kila kinachoingia jikoni, hadi bei ya fungu la mchaichai. Kinachotoka sikukijali. Nilishtuka wakati wa masika, tukiwa na wageni wawili tu, siku niliyokwenda kumwaga ndoo ya mabaki nikashindwa kuinyanyua kwa mkono mmoja. Watu wawili!

Msimu ulipochanganya, mwezi wa saba, niliweka ndoo tatu. Moja ya maganda na mabaki ya matayarisho, ya pili ya kinachorudi kwenye sahani za wageni, ya tatu ya vilivyoharibika kabla ya kupikwa. Nikaazima mizani ya kuning'iniza kwa mchuuzi wa samaki jirani yangu, na kila jioni nikawa napima na kuandika kwenye daftari. Nilikuwa na hakika kwamba tatizo ni friji, maana umeme ukikatika nyama na maziwa ndiyo ya kwanza kuharibika. Baada ya wiki moja ndoo ya vilivyoharibika ilikuwa na kilo nne. Ya sahani za wageni, kilo kumi na tisa.

Basi nikasimama karo la kuoshea vyombo asubuhi tatu mfululizo, natazama sahani moja moja. Yai limeliwa lote. Kahawa imenywewa. Chila mbili, zile chapati laini za mchele, moja imeng'atwa ukingoni. Vipande viwili vya papai havijaguswa, tikiti maji limeliwa ile ncha nyekundu tu, na slesi ya boflo imepakwa siagi ikaachwa. Sahani karibu zote zilifanana. Tulikuwa tunampa kila mgeni mayai, chila, boflo, maandazi na matunda ya aina nne, atake asitake, mwenye njaa na asiye na njaa.

Kazi kubwa ilikuwa kumwambia shangazi. Nilipomweleza kwamba tupunguze, aliweka mwiko chini akaniangalia. "Mwanangu, mgeni ahesabiwe mayai? Marehemu babu yako angesikia haya!" Nilimwelewa. Kwetu sahani ya mgeni ikionekana chini ni aibu ya nyumba nzima, na mimi mwenyewe nimelelewa hivyo. Sikubishana naye. Nilimwita karoni nikamwonyesha chila zake, zile anazoamka alfajiri kuzichachua na tui la nazi, zimelowa chai ndani ya ndoo. Akanyamaza. Kisha akasema, "Kumbe hawali." Ilimuuma kuliko hesabu yoyote ya pesa ambayo ningemtolea.

Tulichokubaliana ni hiki. Kila jioni kabla ya saa mbili tunamuuliza mgeni atakula saa ngapi na anapenda nini. Asubuhi chakula kinakuja kidogo, cha moto, na shangazi mwenyewe anapita mezani kuuliza, "Nikuongezee?" Tikiti tunalimenya na kulikata vipande vidogo. Hakuna aliyelalamika kwamba ameona njaa, na wengi wamefurahi kuongezewa na mpishi mwenyewe, jambo ambalo zamani hawakulipata. Mwezi wa tisa, vyumba vikiwa vimejaa vilevile, ndoo ya sahani ilifika kilo saba kwa wiki. Mayai nanunua trei mbili pungufu.

Boflo linalobaki bila kuguswa tunalianika, tunalitwanga, chenga zake tunapakia katlesi. Ndizi zikiiva kupita kiasi zinaingia kwenye maandazi. Machicha ya nazi wanakula kuku wa jirani, naye hutuletea mayai. Vifuu na makumbi ni kuni, hilo halikuhitaji kufundishwa.

Mboji ilinishinda mara ya kwanza. Nilitupa kila kitu kwenye shimo, na mifupa ya samaki juu yake. Kwa siku tano nzi, paka na harufu, mpaka jirani akaja kupiga hodi, na alikuwa na haki. Sasa samaki haingii kabisa, na kila ndoo moja ya maganda mabichi naifunika kwa ndoo mbili za majani makavu. Pia nageuza kwa uma kila wiki. Ardhi ya huku ni mawe ya matumbawe, udongo ni kiganja tu, kwa hiyo mboji ni mali. Nimeijaza kwenye mianya ya mawe nyuma ya jiko nikapanda mipapai na mchaichai.

Maji ya visima vyetu yana chumvi, mgeni lazima apewe ya kununua. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, lakini chupa za maji zilibaki kuwa nyingi mno. Nilikuwa naweka chupa mbili kila chumba kila siku. Sasa nanunua galoni za lita 18.9 zinazorudishwa kujazwa, na chumbani kuna chupa ya kioo yenye kifuniko. Sabuni ndogo za kufungwa plastiki nimeziacha, nanunua ya mwani kwa kina mama wa hapa kijijini, naikata vipande, na mgeni akiondoka nacho sawa.

Ambacho bado sijakipatia dawa ni vile wanavyoviacha wageni chumbani wakiondoka: chupa za mafuta ya jua zilizobaki nusu, maboya ya kupuliza yaliyotoboka, viatu vya kuogelea vilivyokatika. Huku havina pa kwenda isipokuwa kuchomwa au kufukiwa. Tangu mwaka jana nawaomba siku ya kuwasili, kwa mdomo, wavirudishe kwao walivyokuja navyo. Wapo wanaokubali. Wiki iliyopita familia moja ilifunga boya lao lililotoboka kwenye begi mbele yangu.